Okidi ya Mwaka wa Saba

Kwenye dirisha la bafu palikuwa na okidi kumi na sita, na Mama Mvuke alizihesabu mara mbili kila siku: asubuhi kabla ya kwenda kazini, na alasiri akirudi, kabla hata ya kuvua viatu. Si kwamba alitazamia zipungue. Alihesabu tu, kama alivyokuwa akikivuta kitasa cha mlango mara tatu baada ya kufunga, kama alivyorudi jikoni kuhakikisha jiko limezimwa na hali alilizima kwa mkono wake mwenyewe. Alasiri ile alihesabu kumi na tano.

Akarudia, safari hii kwa kidole. Kumi na tano. Katikati ya rafu ya juu, pale mwanga unapopita kwenye kioo cha ukungu bila kuunguza jani, palibaki duara la maji lenye upana wa kisahani. Lilikuwa bado halijakauka.

"Kitinda!"

Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa akisomea ufundi umeme. Alitokea mlangoni na bisibisi mkononi, uso wake umeshajitetea kabla ya mdomo.

"Mama, kabla hujauliza, mimi simo."

"Humo kwenye nini?"

"Baba alipita saa saba, wakati wa mapumziko yake. Amemchukua Mjukuu."

Mama Mvuke akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kamfunga nailoni ile ya kung'aa na utepe mwekundu," Kitinda akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Nikamwambia, baba, huyo usimguse, huyo ni wa mama, ni wa miaka saba. Akaniambia nisiingilie mambo ya wakubwa. Anampelekea mke wa Meneja wa kazini kwake. Wamehamia nyumba mpya."

"Nyumba mpya," Mama Mvuke akasema.

"Ndiyo. Na Meneja anatafuta msimamizi wa stoo zote. Sasa, mama, hayo mambo mawili yaunganishe mwenyewe."

Aliyaunganisha. Damu ikaanza kumchemka taratibu, kuanzia vidoleni.

Mtu mwingine angesema mwanamke huyu ana kichaa, kukosa pumzi kwa sababu ya chungu kimoja cha plastiki. Na wengi walisema. Lakini waliosema hawakujua chungu kile kilifikaje pale.

Shule yake iliishia darasa la saba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako mikasi na koleo za upasuaji huletwa zikiwa na damu na kurudi juu zikiwa safi. Aliziosha, akazikagua viungo kwa kioo cha kukuzia, akazifunga kwa kitambaa, akazipanga kwenye mashine ya mvuke na kusimama nayo hadi mshale wa kipimajoto ufike mahali pake na ukae hapo dakika zote zinazotakiwa. Jina la Mama Mvuke alilipata huko. Daktari akifanya kazi vizuri, mgonjwa anamshukuru. Yeye akifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Kidonda hakitungi usaha, na hakuna anayejiuliza kwa nini. Alikuwa amezoea kutoulizwa.

Okidi ya kwanza aliiokota kwenye pipa la taka la wodi ya wagonjwa wa kulipia. Maua yalikuwa yamepukutika, na mfagizi alishaitumbukiza humo kichwa chini.

"Limekufa hilo, mama," mfagizi akasema.

Mama Mvuke akaigeuza. Mizizi ilikuwa minene, myeupe kama uzi wa nyavu, na kila ncha ilikuwa na kijani kibichi kinachong'aa. "Limekufa lipi? Hili linapumua kuliko mimi na wewe." Akaondoka nayo ndani ya mfuko wa chakula. Mwaka uliofuata ilitoa maua saba ya zambarau. Tangu hapo, kila mgonjwa mwenye uwezo aliporuhusiwa, Mama Mvuke alipita kuangalia pipa. Hasira yake ya kwanza kuhusu okidi ilianzia hapo: watu hupokea kiumbe hai, hukitazama wiki sita, na kikipumzika kidogo hukitupa kwa kuwa hakiwachekei tena.

Ya pili ilitoka kwa shangazi yake. Ile haikuwa ya dukani. Ilikuwa okidi ya asili, ndogo, imefungwa kwenye kipande cha ubao kwa uzi, maua yake rangi ya maziwa yenye michirizi ya kahawia, na harufu iliyotoka asubuhi tu. Ikifika saa sita inakuwa kama haijawahi kuwapo. Shangazi alikaa nayo maisha yake yote. Alipokaribia mwisho wake hakuwaita watoto wake, alimwita Mama Mvuke, akamwambia, "Wewe ndiye usiyependa kuguswa vitu vyako. Chukua."

Mwaka mmoja zote mbili zikachanua pamoja. Mama Mvuke akachukua kijiti cha meno, akabandua chavua ya ile ya zambarau, vijipunje viwili vya manjano vidogo kuliko kichwa cha pini, akaibandika ndani ya ua la ile ya shangazi. Siku ya tatu ua likanywea, na nyuma yake shingo ikaanza kuvimba. Likawa tunda, kijani, lenye urefu wa kidole. Alilichunga miezi sita.

Mbegu za okidi ni vumbi. Ukipumua vibaya zimekwenda. Hazina chakula ndani yake hata chembe, kwa hiyo ukizitupa udongoni umezitupa kweli. Inabidi uzilaze ndani ya chupa, juu ya jeli yenye sukari na ndizi iliyopondwa, na chupa hiyo isiwe na kijidudu hata kimoja, maana kuvu ikiingia inakula jeli na mbegu na matumaini yako. Fundi wa maabara ya hospitali, aliyemweleza haya, alimalizia kwa kucheka: "Lakini hiyo si kazi ya jikoni, Mama Mvuke. Inataka wataalamu wa usafi."

Mama Mvuke akamtazama. Miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa akipokea vifaa vilivyopita mikononi mwake.

Jumapili ile alichemsha chupa tisa za jemu kwenye sufuria ya presha, akafungua tunda juu ya sufuria nyingine iliyokuwa ikitoa mvuke, mikono ndani ya mvuke hadi viwiko, koleo imepitishwa kwenye moto wa spiriti, madirisha yamefungwa, mume na watoto wamefukuzwa nje. Kati ya chupa tisa, saba ziliota kuvu. Mbili zilikaa safi. Mwezi wa tatu juu ya jeli pakaonekana kitu cha kijani kama vumbi la majani ya chai. Alilia peke yake mbele ya rafu ya vyombo.

Kutoka chupa hizo mbili alitoa miche arobaini na mmoja. Mingine ilikufa kwa sababu zake yenyewe, hilo hakulalamika. Lakini kumi na minne iliozeshwa na wifi yake, aliyekuja kukaa wiki mbili akaimwagilia maji katikati ya majani kila asubuhi "kuichangamsha". Na tisa iliunguzwa na mume wake mwenyewe, Baba Kitinda, aliyeianika juani siku ya joto kali kwa sababu, kwa maneno yake, "mimea nayo inataka vitamini". Ukafika mwaka wa tano, ukabaki mmoja. Kitinda ndiye aliyeupa jina la Mjukuu. "Hana ndugu," alisema, "lazima adekezwe."

Nao ulidekezwa. Kitinda alizoea kusema kwamba yeye huoga mbele ya watazamaji kumi na sita, na kumi na watano kati yao wana adabu, ila Mjukuu anakodoa macho. Mwaka wa saba, chini ya jani la tatu, kikachomoza kitu. Mama Mvuke hakuthubutu kukiita jina. Kingeweza kuwa mzizi. Alikitazama siku kumi, na siku ya kumi ncha yake ikawa na umbo la kiganja kidogo kilichofumbwa, si mviringo kama ncha ya mzizi, akajua ni kikonyo cha maua. Kikapanda. Kikatoa matumba matano. Na siku mbili kabla ya alasiri hii ninayoisimulia, tumba la kwanza lilifunguka.

Lilikuwa rangi ya maziwa pembeni, na katikati mishipa ya zambarau ilitawanyika kama nyuzi zilizochorwa kwa sindano. Asubuhi lilinukia, kwa mbali, kama ganda la limau. Alisimama mbele yake na mswaki mdomoni hadi povu likamtiririka kidevuni. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuliona ua lile kabla yake. Baba Kitinda akachungulia juu ya bega lake, akasema, "Hili limependeza kweli, mke wangu." Naye akafurahi! Siku nzima alitembea kazini akiwa mwepesi kwa sababu ya sentensi ile moja. Sasa, akiwa ameketi juu ya ndoo, ndipo alipotambua kwamba mwenzake alikuwa anakagua mzigo.

Akapiga simu.

"Baba Kitinda, okidi yangu iko wapi?"

"Mke wangu, nisikilize kwanza."

"Nimekuuliza iko wapi, sijakuomba hadithi."

"Iko pazuri. Mke wa Meneja kafurahi mpaka kapiga makofi. Kasema hajawahi kuona ua la namna ile."

"Hajawahi kuliona kwa sababu halijawahi kuwapo!"

"Basi unaona lilivyonipa heshima?" Nyuma yake kulisikika mlio wa mabati yakishushwa. "Sasa tulia. Unazo kumi na sita. Nimechukua moja tu, tena nimechukua ile yenye ua jipya, zile nyingine nyingi ni majani matupu. Nitakununulia nyingine dukani."

"Dukani haipo."

"Nitatafuta duka kubwa."

"Haipo duka lolote! Hizi za mbegu hazifanani, kila moja na sura yake. Ndugu zake wote mmewaua, wewe na dada yako. Ulikuwa umebaki huo mmoja duniani, na wewe umeufunga utepe!"

Kisha Baba Kitinda akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye kuna watu karibu yake, "Ni ua tu, Mama Kitinda. Usinitie aibu kazini. Nakuomba." Akakata.

Ua tu. Mama Mvuke akabaki na simu mkononi, maneno hayo yakimkwaruza kama mchanga ndani ya kiatu.

Ukweli ni kwamba hakuondoka nyumbani na nia ya kuirudisha. Alijikaza kisabuni. Alijua mume wake, mtunza stoo ya vifaa vya ujenzi, amebeba mifuko ya saruji na mabomba ya watu miaka kumi na minane, anajua kila nati iko rafu gani, na cheo kile alikistahili. Akajiambia: nitakwenda kuwaeleza jinsi ya kuitunza, basi, ikiishi kwa watu, itakuwa imeishi. Akatia kwenye mkoba mfuko mdogo wa magome yaliyokatwakatwa, na karatasi aliyoandika kwa herufi kubwa: MAJI MARA MOJA KWA WIKI. SI KATIKATI YA MAJANI. JUA LA MOJA KWA MOJA HAPANA.

"Mama, twende wote?" Kitinda akauliza.

"Baki. Angalia jiko."

"Jiko limezimwa."

"Liangalie hivyo hivyo."

Nyumba ya Meneja ilikuwa bado inanuka rangi. Makasha yalikuwa yamepangwa ukumbini, na mazulia yamesimama kwenye kona yakiwa yamekunjwa. Mke wa Meneja alifungua mwenyewe, mwanamke mdogo kwa Mama Mvuke kwa miaka kumi hivi, kitambaa kichwani, vumbi mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni mke wa mtunza stoo. Yule aliyeleta okidi mchana."

"Jamani! Wewe ndiye mwenye maua! Pita, mama, pita, samahani kwa fujo hizi. Njoo uone nilivyoiweka, utafurahi."

Mama Mvuke akapita. Akaiona. Moyo ukampasuka paa.

Okidi ilikuwa juu ya meza ya kioo, ndani ya chungu cha dhahabu kisicho na tundu chini, imezikwa shingoni kwa udongo mweusi ulioshindiliwa na kumwagiwa maji hadi ukameremeta. Ua lilikuwa bado limesimama, na tumba la pili lilikuwa limeanza kupasuka mdomo, havijui bado kilichotokea huko chini.

"Hebu fikiria, mama," mke wa Meneja akasema kwa huruma ya kweli, "ilikuwa imepandwa kwenye vipande vya magome! Kama takataka za seremala. Nikamwambia mume wangu, maskini, hawa wenzetu hata udongo hawakuupata. Nikaagiza udongo mzuri wenye samadi. Na kulikuwa na mizizi imetokea nje, inaning'inia vibaya, nayo nikaipunguza kwa mkasi."

"Umeipunguza," Mama Mvuke akasema.

"Mitano hivi. Sasa imetulia, au siyo?"

Mizizi mitano. Mama Mvuke aliijua mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa wa mwaka wa tatu, ule uliopinda kufuata ukingo wa rafu. Alifumba mkono juu ya mkoba mpaka karatasi iliyokuwa ndani ikakunjamana. Hata hivyo alikuwa bado anajizuia. Alikuwa anatafuta maneno ya upole ya kuanzia, ya kusema kwamba mmea huu huvuta hewa kwa mizizi, na udongo kwake ni kama mto uliokandamizwa puani. Alikuwa ameshayapata, yako kwenye ncha ya ulimi.

"Ila niulize, mama," mke wa Meneja akasema. "Maua yakiisha, ndiyo tunatupa, eti? Rafiki yangu kaniambia hizi ni za mara moja."

Basi. Yale maneno ya upole yakayeyuka.

"Hapana," Mama Mvuke akasema. "Hamtupi. Naondoka nayo."

"Unasemaje, mama?"

"Naondoka nayo sasa hivi. Nisamehe, binti yangu, wewe hukukosa, umefanya kwa nia njema. Lakini hapo ilipo, baada ya wiki tatu itakuwa imeoza, na mimi nimeingojea miaka saba. Niliipanda ikiwa vumbi. Ua hilo unaloliona lina siku mbili tangu lizaliwe, na mimi mwenyewe sijalitazama nikashiba."

Mke wa Meneja akaketi juu ya kasha. "Lakini... si ni zawadi? Mume wako kaileta na utepe."

"Mume wangu alikuwa na utepe. Okidi hakuwa nayo. Hajawahi kuimwagilia hata kikombe kimoja. Siku aliyoishika aliunguza tisa."

"Tisa?" Mke wa Meneja akaachia kicheko kidogo cha woga, kisha akakirudisha alipoona hakuna wa kucheka naye. "Mama, mimi nina wageni Jumamosi. Nilishawaambia kuna ua la ajabu mezani. Sasa nitawaambia nini?"

Mama Mvuke akamtazama, kisha akaitazama okidi. Katika kazi yake alijifunza kwamba kitu kikishachafuka hukikasirikii. Unatafuta njia ya kukirudisha. Akauliza taratibu, "Niambie ukweli. Wewe unataka ua, au unataka mmea?"

"Nataka..." Mke wa Meneja akafikiri kwa dhati. "Nataka ua. Huo mmea, kusema kweli, hata sijui niuweke wapi."

"Basi niletee kiberiti na glasi ndefu yenye maji."

"Kiberiti cha nini? Mama, unachoma nini ndani ya nyumba yangu?"

"Mkasi, binti yangu. Mkasi mchafu unaambukiza."

Akatoa kwenye mkoba mkasi wake mdogo wa kukatia uzi, akaupitisha kwenye moto upande huu na upande huu hadi ncha ikageuka rangi, akaungoja upoe. Mke wa Meneja alisimama na glasi mkononi kama muuguzi mgeni siku ya kwanza. Mama Mvuke akainama, akahesabu vifundo vya kikonyo kutoka chini. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Ukikata juu ya kile cha pili, kilichobaki chini huweza, kikipenda, kutoa tawi. Huweza pia kisitoe.

Hapo mkono ukagoma. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia ua. Ilikuwa jioni, harufu ilishakwenda zake tangu mchana. Akaliangalia kwa namna ya mtu anayekariri: michirizi mingapi, doa liko upande gani wa mdomo, pembe ipi imejikunja kidogo. Miaka saba, na yeye ndiye wa kulikata! Angekuwa Baba Kitinda yuko mbele yake wakati ule, mkasi ule ungemtisha.

Akakata.

"Maji ubadilishe kila siku," akasema, akikiweka kikonyo ndani ya glasi, sauti yake kavu. "Kila baada ya siku tatu ukate ncha kidogo, kwa mkasi uliopitishwa motoni. Litakaa wiki mbili. Na hili tumba hapa litafunguka. Hayo mengine sijui."

Kisha akakichukua kile chungu cha dhahabu, akatoka nacho hadi kwenye bomba la uani, akaing'oa okidi taratibu na kuusuuza udongo wote kutoka kwenye mizizi iliyobaki, kila mmoja kwa vidole viwili. Akaifunga na magome yake ndani ya mtandio aliouvua mabegani. Mke wa Meneja akamsindikiza hadi getini, amebeba chungu kitupu.

"Mama," akasema, "hiki cheo anachokitaka baba..."

"Kama anakistahili," Mama Mvuke akasema, "anakistahili kwa sababu ya stoo. Mwambie mumeo aende akaangalie stoo. Dirisha langu la bafu lisihesabiwe."

Baba Kitinda alifika nyumbani saa moja jioni, habari zimeshamfikia kazini.

"Umenivua nguo!" alisema kabla hajafunga mlango. "Umenivua nguo mbele ya bosi wangu! Mwanamke mzima unakwenda kunyang'anya zawadi ndani ya nyumba ya watu! Kwa ajili ya ua!"

"Ua nimewaachia," Mama Mvuke akajibu. Alikuwa anapaka unga wa mdalasini kwenye vidonda vya mizizi iliyokatwa, hakuinua kichwa. "Umesema ni ua tu. Ua lao liko mezani kwao, kwenye glasi. Nimechukua majani matupu. Si ndivyo ulivyoyaita kwenye simu?"

Nyuma ya mlango wa chumbani Kitinda alisikika akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Ungeniuliza," Mama Mvuke akasema, na hapo ndipo sauti ilipomtoka. "Miaka ishirini na sita nimekufulia, nimekupikia, sijawahi kuchukua hata kalamu mfukoni mwako bila kukuuliza. Hata ungeniambia tu, mke wangu, nina shida, nataka kumpendeza mtu. Ningekupa ile ya zambarau, yenye maua tisa, ningeifunga mimi mwenyewe. Lakini uliingia mchana, mimi sipo. Uliijua saa nisiyokuwapo!"

Baba Kitinda akaenda kukaa nje.

Wiki tatu walizungumza kupitia kwa Kitinda. "Mwambie baba yako chakula kiko tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Kitinda alisema ataanza kudai mshahara wa tarishi. Okidi ilidhoofika, majani mawili ya chini yaligeuka manjano na kuanguka, na Mama Mvuke akawa anaamka kabla ya alfajiri kugusa mizizi kama mtu anayempima mtoto homa.

Wiki ya nne cheo kikatolewa. Alipewa shemeji yake Meneja, kijana aliyetoka kuuza simu, ambaye siku ya kwanza aliuliza tofauti ya skrubu na msumari. Ahadi kwa shemeji huyo, ikaja kujulikana, ilikuwa imefungwa tangu kabla nyumba mpya haijapakwa rangi. Baba Kitinda alivishwa kilemba cha ukoka wiki zote zile. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni na viatu vyake, akaeleza kwa sentensi mbili.

Mama Mvuke angeweza kucheka. Alikuwa na haki hiyo, na alikuwa ameitunza. Badala yake hasira zikampanda upya, safari hii kwa niaba ya mume wake, na jambo hilo nalo likamkasirisha. "Miaka kumi na minane!" akasema, akiweka sahani mezani kwa kishindo. "Na walipokea okidi yangu wakijua! Walipiga makofi wakijua!" Ilikuwa mara ya kwanza wiki hizo kumwambia kitu ana kwa ana. Baba Kitinda akala, kichwa chini.

Mwezi mwingine ukapita. Asubuhi moja Mama Mvuke alikuwa akifunga kiatu cha kazini aliposikia sauti ya mume wake kutoka bafuni, sauti ndogo, isiyo yake.

"Mama Kitinda. Njoo. Pale kwenye kifundo, chini ya pale ulipokata, kuna kitu kimetokea."

Akaenda na kiatu kimoja. Baba Kitinda alikuwa amesimama mbele ya rafu, sabuni sikioni, mikono yote miwili ameificha mgongoni.

"Umekigusa?"

"Sijakigusa."

"Umekimwagia maji?"

"Sijakimwagia."

"Umekipumulia?"

Baba Kitinda akafikiri. "Kidogo," akakiri.

Mama Mvuke akatazama. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, kijani, kimechungulia pembeni ya kifundo. Hakukiita jina. Akahesabu okidi kuanzia kushoto, akafika kumi na sita.

"Rudi nyuma hatua mbili," akamwambia mume wake.

Akarudi.